Jina Haliliwi: Mchezaji wa Sataranji Anaishi kwa Nini?

Mwezi Desemba 2024 kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 18, Gukesh Dommaraju, alimshinda Ding Liren wa China nchini Singapore na kuwa bingwa wa dunia wa sataranji, katika pambano lililotengewa zawadi ya jumla ya dola za Kimarekani milioni 2.5. Habari hiyo ilifika hadi kwenye mabaraza yetu ya kahawa, ikazunguka kwenye simu za vijana, na tangu hapo maneno matatu, yaani grandimasta, bingwa na mchezaji wa kulipwa, yamekuwa yakitajwa kana kwamba yana maana moja. Mama mmoja wa Chake Chake, ambaye mwanawe alirudi kutoka mashindano ya skuli na medali shingoni, alinipigia simu akaniuliza bila kuzunguka: "Mwalimu, huyu mtoto anasema akikua atakuwa grandimasta. Hiyo ni kazi gani, na mshahara wake anautoa nani?"

Swali lake ni la haki, na jibu la mkato ni kwamba hakuna anayeutoa. Jibu refu ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi hawalijui: wachezaji wengi wanaoishi kwa sataranji hula zaidi kwa kufundisha na kwa kalamu kuliko kwa kushinda, na mchezaji mwenye kushika kalamu si jambo la jana, kwani alikuwapo tangu enzi za Baghdad.

Tuanze na maneno yenyewe. Mchezaji wa kulipwa ni mtu yeyote ambaye sehemu kubwa ya pato lake inatokana na sataranji, kwa njia yoyote ile. Hapana cheti cha kazi hiyo wala ofisi ya kuisajili. Grandimasta ni jina la heshima linalotolewa na FIDE, yaani Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, lililoanzishwa Paris tarehe 20 Julai 1924. Jina hilo lilianza kutolewa rasmi mwaka 1950, na mtu akishalipata anakufa nalo, hata kama uzeeni anafungwa na watoto. Bingwa wa dunia ni mwenye taji, na taji analivua siku atakayoshindwa. Kwa hiyo bingwa wa dunia aghalabu ni grandimasta, lakini grandimasta wengi, na wameshapindukia elfu moja kwa mbali, hawajawahi hata kukaribia ubingwa. Watu wa pwani tuna mfano wetu wa karibu: cheti cha unahodha kinathibitisha kwamba mtu anajua kuendesha chombo, lakini hakimpi chombo, wala abiria, wala nauli.

Jina hilo linapatikanaje? Hapa ndipo mazungumzo ya barazani yanapopotea zaidi, kwa sababu wapo wanaodhani ni tunzo inayotolewa kwa kura, na wapo wanaodhani ni mtihani wa kukaa darasani. Msingi wake ni hesabu iitwayo Elo. Neno hilo si kifupisho cha maneno mengine bali ni jina la mtu, Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungary aliyefundisha Milwaukee, Marekani, na ambaye hesabu yake ilipokewa na FIDE mwaka 1970. Mkulima wa karafuu hapati bei kwa kusema kwamba karafuu zake ni nzuri. Anapeleka gunia kituoni, linapimwa, zinatiwa katika daraja. Elo ni mizani ya namna hiyo, isipokuwa mchezaji hupimwa upya kila anapokaa ubaoni, na kinachopimwa ni tofauti baina yake na aliyekaa mbele yake.

Chukua wachezaji wawili, mmoja ana pointi 1800 na mwenzake 1600. Tofauti ya pointi 200 ina maana kwamba wakicheza mara 100, yule wa juu anatarajiwa kuvuna kiasi cha alama 76, ushindi ukihesabiwa alama moja na suluhu nusu alama. Akishinda mchezo mmoja amefanya karibu na kile kilichotarajiwa, hivyo kwa kipimo cha wachezaji wengi anaongezewa pointi 5 tu. Akifungwa anakatwa kiasi cha 15, na mdogo wake anaongezewa kiasi hicho hicho. Hata suluhu inamkata mkubwa pointi 5. Ndiyo maana mchezaji anayetegemea namba yake hupoteza usingizi kabla ya kukutana na kijana asiyejulikana kutoka nchi ndogo, na mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba hofu hiyo ya mkubwa ni mtaji wao.

Ili kuwa grandimasta, mchezaji lazima namba yake ifike 2500 angalau mara moja, na juu ya hilo atimize vigezo, kwa kawaida vitatu, ambavyo jumla ya michezo yake haipungui 27. Kigezo kimoja ni mashindano mazima, aghalabu ya michezo tisa, ambamo mchezaji amecheza kwa kiwango cha 2600, wapinzani wake wakiwamo grandimasta wasiopungua watatu na wachezaji wa mataifa mengine. Sharti hili la mwisho ndilo linalouma kwetu. Kijana wa Ufaransa au wa Ujerumani anapanda treni asubuhi na jioni yuko kwenye mashindano yanayohesabika. Kijana wa Wete anaanza na boti, kisha ndege, kisha visa, kisha hoteli ya siku tisa au kumi, na anaweza kukikosa kigezo kwa nusu alama katika mchezo wa mwisho akarudi na begi lile lile. Amon Simutowe wa Zambia, grandimasta wa kwanza kutoka nchi za kusini ya Sahara, alikamilisha kigezo chake cha mwisho Uholanzi, si Lusaka. Na mtu akishatimiza yote hayo, maombi ya jina lake kwa FIDE nayo yanalipiwa ada. Mama wa Chake Chake aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe mshahara anautoa yeye!"

Basi fedha ziko wapi? Fedha za mashindano ya sataranji zimekaa kama madafu: yote yako kileleni, na shina zima ni tupu. Wachezaji wa juu kabisa, ambao idadi yao ni makumi na si mamia, hualikwa kwenye mashindano makubwa na huweza kuishi vizuri kwa zawadi. Chini ya hapo, grandimasta anayekwenda kwenye mashindano ya wazi barani Ulaya hupewa chumba na chakula na mwandaaji, kwa sababu jina lake linavuta washiriki wengine, lakini zawadi atapata akishika nafasi za mbele tu. Zipo ligi za vilabu, na ya Ujerumani ndiyo mashuhuri zaidi, ambazo vilabu vyake huwalipa wachezaji kama timu ya mpira inavyofanya, ijapokuwa kwa viwango vya chini mno. Yapo malipo ya kucheza na watu ishirini au thelathini kwa wakati mmoja, mchezaji akizunguka meza hadi meza. Tangu mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa maradhi ya korona na mchezo ukahamia mtandaoni, wapo wanaopata riziki kwa kucheza mbele ya watazamaji wa intaneti huku wakieleza wanachokifanya. Kwa walio wengi, hata hivyo, nguzo ya nyumba ni kufundisha. Wengine wana taaluma nyingine kabisa: Bassem Amin wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuvuka pointi 2700, amesomea udaktari.

Lipo swali ambalo kwetu halikwepeki, na ningekuwa nimewafanyia hiana wasomaji kama ningelipita: je, riziki hiyo ni halali? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa Unguja na Pemba, vitabu vya fiqhi huutaja mchezo huu kuwa makuruhu, na kuwa haramu ukiingiwa na kamari au ukimpitisha mtu wakati wa sala. Madhehebu mengine yana ukali zaidi. Mchezaji wa mashindano hamwekei mwenzake dau, bali hushindania zawadi iliyotengwa na mwandaaji, ingawa mara nyingi kuna ada ya kiingilio, na juu ya hukumu ya hilo mwenye kutaka uhakika amwendee sheikh wake. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachoweza kusema kwa yakini ni kwamba mchezo wenyewe ulipata vitabu vyake vya kwanza vikubwa kwa lugha ya Kiarabu, na kwamba jina tunaloliita, sataranji, ni shatranj ya Waarabu, waliyoipokea kutoka chatrang ya Waajemi, nao Waajemi kutoka chaturanga ya Wahindi, maana yake jeshi la vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita.

Hapo ndipo kalamu inapoingia. Abu Bakr as-Suli aliishi Baghdad katika zama za Bani Abbas. Alikuwa mwanahistoria, mtu wa mashairi, na mchezaji. Mbele ya Khalifa al-Muktafi alimshinda al-Mawardi, mchezaji aliyekuwa kipenzi cha ikulu, na tangu hapo jina lake likawa ndilo kipimo cha ustadi kwa karne nyingi. Riziki yake ilitegemea kufadhiliwa na wakubwa, na ufadhili ulipokatika mambo yake yaliharibika. Alifia Basra katika miaka ya 940 akiwa mbali na neema ya ikulu. Kama angekuwa mchezaji tu, leo tusingekuwa na la kusema juu yake zaidi ya kwamba aliwafunga watu. Lakini aliandika vitabu vya sataranji, na katika maandishi yake aliacha fumbo moja la ubaoni lililopewa jina la almasi, ambalo hapana aliyelifumbua kikamilifu kwa muda wa miaka elfu moja. Aliyelifumbua ni Yuri Averbakh wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa Muungano wa Kisovieti mwaka 1954, kisha mhariri wa jarida na mwandishi wa vitabu vizito juu ya hatua za mwisho za mchezo, hadi alipofariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 100. Mchezaji mwandishi alimjibu mchezaji mwandishi, na baina yao zimepita karne kumi.

Nisije nikaeleweka kwamba kalamu ni dawa ya njaa. Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, anayehesabiwa kuwa bingwa wa kwanza rasmi wa dunia tangu mwaka 1886, aliandika safu ya sataranji katika gazeti la London, akaanzisha jarida lake mwenyewe New York, akatunga kitabu cha mafunzo, na pamoja na hayo alikufa maskini mwaka 1900. Kalamu ilimlinda kwa namna nyingine: mawazo yake ya namna ya kuvuna faida ndogo ndogo badala ya kukurupuka kumshambulia mfalme yalienea kwa sababu yaliandikwa, na kila mwanafunzi wa leo anayafuata hata kama hajawahi kusikia jina lake.

Mwandishi wa sataranji hufanya nini hasa? Wengi hudhani anasimulia nani kashinda. Hilo ni la mwandishi wa habari. Kazi ya mwandishi wa sataranji ni kueleza kwa nini, na nitaionesha kwa mfano mmoja. Ubao una miraba 64; safu zake za wima huitwa kwa herufi kutoka a hadi h, na za mlalo kwa namba kutoka 1 hadi 8, kwa hiyo kila mraba una anwani yake. Mwaka 1921 Richard Réti, mchezaji na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1889 katika dola ya Austria na Hungary, alichapisha fumbo lenye kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8 na kitunda chake, yaani kete ndogo inayosonga mbele tu, kiko c6. Mfalme mweusi yuko a6 na kitunda chake kiko h5. Zamu ni ya mweupe.

Itazame hali hiyo, ikiwezekana upange kete. Kitunda cheusi kinakimbilia h1 ili kigeuke malkia, na mfalme mweupe amechelewa hatua mbili kukikamata. Kitunda cheupe kinataka kufika c8, lakini mfalme mweusi yuko jirani naye atakila. Yeyote atakayeulizwa atasema mweupe amekwisha. Réti anamtembeza mfalme wake kwa mshazari: g7, kisha f6, kisha e5. Katika ardhi ya kawaida anayekwenda upande anajiongezea njia, lakini ubaoni mfalme hahesabu urefu, anahesabu hatua, na kila hatua ya mshazari inamsogeza karibu na kitunda cha adui na papo hapo inamsogeza karibu na kitunda chake. Akifika e5, mweusi akila c6, mfalme mweupe anakwenda f4 na kitunda cheusi kinakamatwa. Mweusi akiendelea kukimbia, mfalme mweupe anakwenda d6, anakisindikiza kitunda chake, na pande zote mbili zinapata malkia. Matokeo ni suluhu. Tumefunzwa kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mfalme huyu ameshika mawili na hapana lililomponyoka.

Réti alimfunga Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, mjini New York mwaka 1924, wakati bingwa huyo alikuwa hajapoteza mchezo kwa miaka minane, na mwaka 1925 alicheza mjini São Paulo na watu 29 kwa pamoja bila kutazama ubao hata mmoja. Alifariki mwaka 1929. Zawadi alizoshinda zilikwisha pamoja naye, lakini kete zake nne zinapangwa hadi leo katika vyumba vya madarasa ambavyo yeye asingeweza kuvifikiria, kimojawapo ni kile ninachofundishia kila Jumamosi, chenye madawati ya watu watatu watatu na dirisha linalotazama michungwa.

Dhana nyingine inayosemwa sana ni kwamba kompyuta imeua kazi hii. Ni kweli kwamba mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na leo programu iliyomo ndani ya simu ya kawaida inacheza vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini ipe simu hiyo fumbo la Réti, nayo itaandika 0.00 kabla hujamaliza kuvuta pumzi, yaani ni suluhu, basi. Haitakwambia kwamba mshazari ndio siri, wala kwamba jicho la mwanadamu hudanganyika kwa sababu limezoea kutembea ardhini. Mwanafunzi aliyepewa 0.00 amepewa jibu la hesabu bila njia. Kompyuta imemwondolea mwandishi mzigo wa kuhakiki, na imemwadhibu yule aliyekuwa akiandika makosa kwa kujiamini, lakini kazi ya kueleza imebaki pale pale, na wazazi wanaendelea kumlipa mwalimu.

Kwetu kazi hiyo bado haijapata wenyewe. Watoto ninaowafundisha husoma kwa Kiingereza, na wakirudi kwenye Kiswahili wanagongana: kete inayokwenda kwa mshazari mmoja anaiita askofu, kama Waingereza, na mwenzake anaiita tembo, kama Waarabu walivyoiita al-fil. Mimi napendelea tembo, kwa kuwa ndilo jina la zamani zaidi na mtoto analielewa bila kufafanuliwa, lakini neno halikai katika lugha kwa kupendelewa na mwalimu mmoja. Linakaa kwa kuandikwa na kusomwa. Hapa namuona mchezaji wa Unguja au Pemba ambaye hatapata 2500, pengine hata 2000, na bado akawa na kazi ya sataranji yenye maana na yenye ujira, kwa kufundisha asubuhi na kuandika jioni kwa lugha ambayo inazungumzwa na mamilioni.

Na nitasema linaloniuma. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na mabingwa wake wa mabarazani huona mbele kiasi cha kumshangaza yeyote. Niliwahi kukaa Mkunazini nikimtazama mzee mmoja akipiga mtaji, yaani hatua ya kula kete za mwenzake, uliozunguka upande wake wote, kete zikidondoka shimo baada ya shimo, mpaka mwenzake akabaki hana la kufanya. Watu walipiga kelele, kahawa ikamwagika, na mchezo ukavurugwa ili uanze mwingine. Nilimwomba anirudishie namna alivyoanza. Alitazama ubao kwa muda, akasema, "Mwanangu, umeshapita." Hapana aliyekuwa ameuandika.

Kwa hiyo mama wa Chake Chake nilimshauri asiuze shamba kwa ajili ya tiketi za ndege, wala asimkatishe mtoto skuli, kwa maana hata Simutowe alisoma chuo kikuu Marekani akiwa mchezaji. Nilimwambia amnunulie daftari la kurasa 96 na kalamu mbili, na kila mchezo auandike wote, hatua kwa hatua, na akirudi nyumbani aandike chini yake kwa Kiswahili alichokuwa akifikiri. Wiki mbili baadaye alinitumia picha ya ukurasa mmoja. Mwandiko umelalia kushoto, hatua zimepangwa safu mbili, na kwenye hatua ya 14 mtoto ametia alama mbili za kuuliza, ambazo kwa waandishi wa sataranji duniani kote ni kosa kubwa. Chini yake ameandika kwa penseli: "Hapa farasi wake alikuwa hawezi kunifanya kitu. Niliogopa bure."